Panya, Fuko na Nyumba Inayozama: Katuni Zilivyoshuka Kutoka Kwenye Pazia Hadi Kwenye Kitabu

1930: Binti wa mchapishaji

Kitabu cha kwanza cha Mickey Mouse kilitungwa na mtoto. Jina lake Bobette Bibo, umri wake miaka 11, na baba yake alikuwa mmoja wa wenye kampuni ya Bibo and Lang ya New York. Wakati huo, mwaka 1930, Mickey hakuwa ametimiza hata miaka miwili tangu ajulikane na watu. Filamu iliyompa jina, "Steamboat Willie", ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 18 Novemba 1928, na watazamaji walistaajabu kusikia mluzi wa panya ukienda sambamba na midomo yake. Bobette hakunakili filamu yoyote. Alitunga mwenyewe jinsi panya yule alivyokutana na Walt Disney, na kitabu kikatoka chembamba, kikiwa na wimbo na mchezo ndani yake.

Ili kuona kwa nini kitabu kile kilipata wasomaji, inabidi kukumbuka filamu fupi ilikuwa kitu gani siku zile. Ilidumu dakika saba au nane. Ilitangulia mbele ya filamu kubwa, ikaonyeshwa kwa siku chache, kisha mikebe ya filamu ikafungwa na kupelekwa mji mwingine. Hapakuwa na televisheni sebuleni wala kanda ya kuirudia. Mtoto aliyempenda Mickey Jumamosi hakuwa na njia ya kumwona Jumapili, isipokuwa awe na hela ya tiketi nyingine na bahati ya kumkuta bado yupo mjini. Kitabu kilikuja kuziba pengo hilo, na kwa muda wa miaka hamsini hivi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa.

Safari ya kawaida ilikuwa ya upande wa pili. Hadithi ilianza kitabuni, watengeneza filamu wakaichukua. Fahali Ferdinand, kwa mfano, alikuwa kitabu mwaka 1936 kabla ya kuwa katuni ya Disney mwaka 1938. Historia ninayoifuata hapa ni ya hadithi zilizokwenda kinyume chake, kutoka kwenye mwendo na sauti kuingia kwenye karatasi iliyotulia. Ni safari ngumu kuliko inavyoonekana. Sekunde moja ya filamu inabeba picha 24, kwa hiyo filamu ya dakika nane ni picha zaidi ya 11,000. Kitabu cha watoto kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo ikipigwa chapa pande zote mbili na kukunjwa hutoa kurasa kwa mafungu ya 16 au 32. Mtu fulani lazima aketi aamue ni picha zipi ishirini na kitu zitakazobeba mzigo wa zile maelfu. Vitabu bora vya aina hii ni vile ambavyo mtu huyo alikuwa mchoraji mwenyewe, na aliishika kalamu upya badala ya kukata vipande vya filamu na kuvibandika. Nimeona hivyo katika kila kipindi, na ndiyo maana nimeifuata historia hii kwa kuwafuata wachoraji.

1933: Nguruwe watatu katika mwaka wa dhiki

Mwezi Mei 1933 kampuni ya Disney ilitoa "Three Little Pigs", iliyoongozwa na Burt Gillett, yenye rangi kamili za Technicolor wakati filamu nyingi bado zilikuwa nyeusi na nyeupe. Marekani ilikuwa katikati ya Mdororo Mkuu wa Uchumi. Kwa kila wafanyakazi wanne, mmoja hakuwa na kazi, na mwezi Machi mwaka huohuo benki za nchi nzima zilikuwa zimefungwa kwa amri ya rais. Watu walioingia sinema wakitoka kwenye foleni za mkate walimtazama mbwa mwitu akipiga hodi mlangoni na hawakuhitaji kuelezwa ni nani. Wimbo wa nguruwe wale ukaimbwa nchi nzima, kumbi zikaing'ang'ania filamu hiyo wiki baada ya wiki, na hatimaye ikapata tuzo ya Oscar.

Mwaka mmoja kabla, Disney alikuwa amempa mfanyabiashara Kay Kamen jukumu la kusimamia leseni zote za wahusika wake: saa, sahani, wanasesere, na vitabu. Kwa hiyo filamu ya nguruwe ilipolipuka, njia ilikuwa tayari. Mwaka uleule wa 1933 kampuni ya Blue Ribbon Books ya New York ikatoa kitabu cha "Three Little Pigs" chenye michoro ya studio. Kampuni hiyohiyo ilitoa vitabu vya Mickey ambavyo picha zake zilisimama zenyewe ukurasa ulipofunguliwa, jaribio la kurudisha kidogo ule mwendo uliopotea. Kule Racine, jimbo la Wisconsin, kampuni ya Whitman nayo ilianza kutoa hadithi za Mickey katika vijitabu vinene vidogo vya senti 10, upande mmoja maneno, upande wa pili mchoro, kurasa hata mamia.

Haya ndiyo mageuzi ya kwanza. Kitabu cha Bobette kiliazima mhusika tu, lakini kitabu cha nguruwe kilibeba filamu nzima, tukio kwa tukio, pamoja na mabadiliko ambayo Disney aliyafanya katika ngano ya zamani. Katika masimulizi ya Kiingereza yaliyozoeleka, nguruwe wawili wa kwanza huliwa. Katika filamu wanakimbilia kwa ndugu yao mwenye nyumba ya matofali, na kitabu kikafuata filamu. Toka hapo watoto wengi walikua wakiamini kwamba hivyo ndivyo ngano ilivyokuwa siku zote. Kitabu kina nguvu hiyo. Filamu ilipita, kitabu kikabaki nyumbani, na toleo lililobaki nyumbani ndilo likawa la kweli.

Kwa uchoraji, nyingi ya kazi hizi za mwanzo zilifanywa kwa haraka. Mistari ni minene, rangi zimekolezwa bila uangalifu, na mahali ambapo filamu ilikuwa na pumzi ya mbwa mwitu ikipeperusha nyasi, ukurasa una mashavu yaliyovimba na mistari michache hewani. Biashara ilikimbia mbele, sanaa ikawa inaifuata kwa nyuma.

1942 hadi 1952: Vitabu vya senti 25

Sanaa ilianza kuifikia biashara wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 kampuni ya Simon and Schuster, ikishirikiana na wapiga chapa wa Western wa Racine, ilizindua Little Golden Books: vitabu 12 kwa mpigo, kurasa 42, jalada gumu, bei senti 25. Kitabu cha kawaida cha watoto chenye rangi kilikuwa kikiuzwa kwa dola mbili hivi, na kilipatikana katika duka la vitabu ambalo familia nyingi hazikuwahi kulikanyaga. Hivi vipya viliwekwa palepale mama aliponunua sabuni na sukari. Ndani ya jalada paliachwa nafasi ya mtoto kuandika jina lake, na nadhani hatua hiyo ndogo ilifanya kazi kubwa kuliko tangazo lolote, kwa sababu mtoto wa kibarua alipata kumiliki kitabu kwa jina lake.

Kilichowafaa watu wa katuni ni kwamba mfululizo huu ulihitaji wachoraji wengi na wa haraka, nao walikuwapo. Gustaf Tenggren, Msweden aliyekuwa ameipa "Snow White" na "Pinocchio" ile hali ya misitu na vijiji vya zamani vya Ulaya, alikuwa ameondoka Disney, na ndiye aliyechora "The Poky Little Puppy", kimoja cha vile 12 vya kwanza. Mary Blair, ambaye rangi zake zilibadilisha sura ya filamu za Disney, naye alikuja kuchora kwa Golden Books. Vitabu vya Disney viliingia katika mfululizo mwaka 1944, na mwaka 1948 "Three Little Pigs" ikarudi, safari hii ikiwa imechorwa na Milt Banta na Al Dempster, watu waliofanya kazi studioni. Dempster alikuwa mchoraji wa mandhari, mmoja wa wale ambao kazi yao katika filamu hukaa nyuma ya mhusika na jicho huipita bila kuitazama. Katika kitabu mandhari hayapiti. Matofali ya nyumba, vumbi la njia, kivuli cha mti, vyote vinakaa mbele ya mtoto kwa muda autakao mtoto mwenyewe.

Studio nyingine ilitoa swali gumu zaidi. Mwaka 1950 wasanii wa UPA, ambao baadhi yao waliihama Disney baada ya mgomo wa 1941, walitengeneza "Gerald McBoing-Boing" chini ya mwongozaji Robert Cannon. Hadithi ilitungwa na Dr. Seuss na ilisikika kwanza kwenye sahani ya santuri: mtoto asiyeweza kutamka maneno, badala yake kinywani mwake hutoka milio, honi, mlipuko, mlango unaogongwa. UPA waliichora kwa mistari michache na rangi bapa, vyumba visivyo na kuta, na wakapata Oscar. Kitabu kilitoka 1952. Sasa fikiria kazi iliyokuwapo: hadithi ambayo kiini chake ni sauti, iliyoanza kama sahani ya kusikilizwa, inaingia mahali pasipo na sauti kabisa. Suluhisho lilikuwa kuuachia mlio uandikwe na kumwachia mzazi kinywa. Anayesoma ndiye anayelia honi. Hapa kitabu kilipata kitu ambacho filamu haina, kwa kuwa mtoto anasikia kelele za Gerald zikitoka kwa baba yake.

1957: Fuko aliyetaka suruali

Wakati Wamarekani wakipanga leseni, katika Chekoslovakia hapakuwa na wa kumuuzia. Studio ya filamu ilikuwa ya serikali, na shirika la kuchapisha vitabu vya watoto lilikuwa la serikali. Hadithi mojawapo iliyopendwa sana katika mkondo huu imetoka huko, na chanzo chake ni agizo la kikazi.

Zdeněk Miler alizaliwa Kladno mwaka 1921. Alisomea uchoraji Prague, akajifunza katuni katika studio ya Zlín, na baada ya vita akajiunga na studio ya Bratři v triku huko Prague, iliyoanzishwa 1945 ikiongozwa na Jiří Trnka. Katikati ya miaka ya 1950 aliagizwa atengeneze filamu ya kuwafundisha watoto jinsi nguo ya kitani inavyopatikana kutoka kwenye mmea. Hakutaka kutengeneza somo la darasani. Alitafuta mhusika ambaye Disney hakuwa amemgusa, na alikuwa matembezini alipojikwaa kwenye kichuguu cha fuko. Hapo akampata.

Filamu, "Jinsi fuko alivyopata suruali", ilitoka 1957. Fuko anatamani suruali ya buluu yenye mifuko mikubwa ya kutilia vitu vyake. Hana kitambaa. Mmea wa kitani unamweleza la kufanya, naye anautunza, anauloweka, kisha anawaendea majirani mmoja baada ya mwingine. Korongo anavunja mabua kwa mdomo, kalunguyeye anachambua nyuzi kwa miiba yake, buibui wanasokota, matunda madogo ya porini yanatoa rangi ya buluu, chungu wanafuma, kamba wa mtoni anakata kwa magando, ndege wa kwenye matete anashona. Somo la kiwanda limekuwa hadithi ya ujirani, na kila hatua ya utengenezaji imo, bila hata moja kurukwa. Filamu ilipata tuzo katika tamasha la filamu la Venice mwaka huohuo.

Kitabu kilifuata mwaka 1960. Michoro ni ya Miler mwenyewe, na maneno yaliandikwa na Eduard Petiška, mwandishi aliyejulikana kwa kuwasimulia vijana hekaya za Wagiriki wa kale. Kwangu hiki ndicho kilele cha mkondo mzima. Tazama kwa nini hadithi hii ilikaa vizuri kitabuni. Imejengwa kwa hatua, na kila hatua ina mnyama wake, kazi yake na ombi lake. Kila ukifunua ukurasa unamkuta jirani mwingine. Katika filamu buibui wanasokota na uzi unakimbia, basi. Katika kitabu mtoto anaweza kuwahesabu buibui na kuufuata uzi kwa kidole mpaka mwisho wake. Ingekuwa hadithi ya mbio na maanguko, kama katuni nyingi za Marekani, kurasa zingeiua. Petiška naye hakutia madoido. Maombi ya fuko yanarudiwarudiwa kwa namna ambayo mtoto anaijua kutoka kwenye ngano, na kufikia mnyama wa nne anaanza kuyasema mwenyewe kabla ya msomaji.

Baada ya filamu ya kwanza Miler alifanya uamuzi uliobadilisha kila kitu. Fuko aliongea katika ile ya 1957. Katika zilizofuata, kuanzia ile ya gari mwaka 1963, aliachishwa maneno, akabaki na vicheko, miguno na vilio vidogo ambavyo Miler aliwatumia binti zake mwenyewe kuvitoa. Sababu ilikuwa kwamba asiye na lugha anaeleweka kila nchi. Filamu zikavuka mipaka bila mfasiri, zikaonyeshwa sana katika televisheni za Ujerumani, na kwa miongo kadhaa, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikafika kama hamsini. Lakini uamuzi huo uliwaachia waandishi wa vitabu kazi mpya. Filamu isiyo na neno hata moja ilihitaji maneno ilipoingia kwenye ukurasa. Hana Doskočilová na Josef Brukner ni miongoni mwa walioandika. Kila mwandishi alilazimika kuchagua fuko anawaza nini, jambo ambalo filamu ilimwachia mtazamaji.

Kitabu cha suruali kilifika Japan mwaka 1967 kupitia wachapishaji Fukuinkan, na kile cha gari miaka miwili baadaye. Kwa familia nyingi huko, fuko alikuwa kitabu kwanza, na filamu ikawa jambo la kugundua baadaye. Mei 2011 mwanaanga wa Marekani Andrew Feustel, ambaye mkewe ana asili ya Kicheki, alipaa na fuko wa kitambaa katika chombo cha Endeavour. Miler alikuwa bado hai. Alifariki Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 90.

1975: Ukungu kwenye karatasi

Kuna filamu ambazo mtu angeapa kwamba haziwezi kuwa kitabu. "Kalunguyeye katika Ukungu" ya Yuri Norstein, iliyotengenezwa Moscow katika studio ya Soyuzmultfilm mwaka 1975, ni ya dakika kumi tu. Kalunguyeye anakwenda kwa rafiki yake dubu kuhesabu nyota, anaona farasi mweupe ndani ya ukungu, anapotea. Karibu hakuna kingine kinachotokea. Norstein alipanga vipande vya michoro juu ya tabaka za vioo chini ya kamera, na ukungu ulitokana na karatasi nyembamba sana iliyosogezwa taratibu kuikaribia lenzi, ili umbo lipotee na kurudi.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwandishi Sergei Kozlov, na wahusika walichorwa na Francheska Yarbusova, mke wa Norstein. Kitabu chenye michoro ya Yarbusova kilipokuja kutoka, miaka mingi baada ya filamu, hakikuwa na picha zilizokatwa kutoka kwenye ukanda. Aliuchora ule usiku upya. Kwenye karatasi ukungu hausogei, kwa hiyo aliutengeneza kwa nafasi: pembe za ukurasa zinafifia, mnyama mdogo anaachwa katikati ya weupe mpana, na mtoto anayesoma hupotea pamoja naye kwa sababu hana pa kulishikiza jicho lake.

Miaka ya video

Televisheni ilianza kuipunguzia sinema watoto tangu miaka ya 1950, na kanda za video za miaka ya 1980 zikamaliza kazi. Mtoto sasa aliweza kuirudia katuni mara ishirini kwa siku. Ile sababu ya kwanza ya vitabu hivi, kumtunzia mtoto kumbukumbu ya kitu asichoweza kukiona tena, ilikufa. Vingi vilivyotoka miaka hiyo ni picha zilizonaswa kutoka kwenye kanda na kuandikiwa sentensi mbili chini yake, na viliachwa upesi kama vilivyonunuliwa. Wachapishaji waliotaka kuendelea walihitaji sababu nyingine ya kitabu kuwapo.

2008: Nyumba inayopandishwa

Sababu hiyo inaonekana wazi kwa mtengeneza katuni wa Japan, Kunio Kato. Filamu yake ya dakika 12, "Tsumiki no Ie", inamhusu mzee anayeishi peke yake katika mji unaozama. Maji yanapopanda anajenga chumba kipya juu ya kile cha zamani, na vyumba vya maisha yake yote viko chini ya maji, kimoja juu ya kingine. Siku moja anakiangusha kiko chake, anazamia kukitafuta, na kila sakafu anayoifikia inamrudishia mwaka wake: mke, binti, harusi. Hakuna mtu anayeongea. Ilishinda katika tamasha la katuni la Annecy 2008 na ikapata Oscar mwezi Februari 2009.

Kitabu kilitoka Japan 2008, maneno ya Kenya Hirata, ambaye ndiye aliyeandika hadithi ya filamu, na picha zikachorwa na Kato kwa ajili ya kitabu. Wawili hao hawakujiona wafungwa wa filamu yao. Katika kitabu mzee haangushi kiko. Anaangusha vifaa vyake vya useremala. Badiliko ni dogo na lina maana kubwa. Kiko ni cha starehe na kumbukumbu, lakini msumeno na nyundo ni vya kujengea, na bila hivyo maji yatampata. Mzee wa kitabuni anazama kwa lazima ya kazi, kumbukumbu zinamkuta njiani, na anapopanda ana nyumba ya kumalizia. Hadithi ileile imesimama juu ya msingi mwingine, na imemfaa mtoto ambaye bado hajajua majonzi ya kiko cha mzee lakini anajua kabisa maana ya kazi iliyobaki nusu.

2010: Dar es Salaam, Nairobi, London

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa rangi za baiskeli. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi hizo za mafuta juu ya mbao za kiwandani zilizokuwa za ujenzi: chui, tembo, ndege, madoa na mistari, bila kivuli, bila upeo wa mbali. Aliuza Oysterbay kwa wapita njia. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mtu mwingine, akafa akiwa kijana wa miaka arobaini, baada ya miaka minne tu ya kuchora. Ndugu na wanafunzi wake waliuendeleza mtindo hadi ukawa wa taifa.

Mwaka 2010 mtindo huo ukatembea. Kampuni ya Tiger Aspect ya London, chini ya mtayarishaji Claudia Lloyd, na studio ya Homeboyz ya Nairobi walitengeneza "Tinga Tinga Tales", katuni 52 za dakika 11 kila moja, zikisimulia zile ngano za kwa nini: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini simba ananguruma. Mwanamuziki Eric Wainaina alitia muziki. Zilianza kuonyeshwa katika kituo cha watoto cha BBC, na vitabu vya picha vikatoka London mwaka huohuo chini ya mwavuli wa Penguin.

Vitabu vile vina hali ambayo vya Mickey havikuwa nayo. Mickey alizaliwa katika mwendo, akatulizwa kwa ajili ya ukurasa. Wanyama wa Tingatinga walizaliwa wametulia, kwenye ubao wa mraba, na kazi ngumu ya vijana wa Nairobi ilikuwa kuwatenganisha miguu na shingo ili waweze kutembea bila kuvunja mtindo. Walipoingia kitabuni walirudi kwenye hali yao ya asili, na ndiyo maana kurasa zile zinapendeza hata pale maandishi yanapokimbia. Linaloniumiza ni lugha. Michoro ya Dar es Salaam iliyohuishwa Nairobi, ikibeba ngano ambazo bibi zetu wamezisimulia vizazi na vizazi, ilichapwa London kwa Kiingereza. Mtoto wa Tandika au Kawangware anawatambua wanyama wale kwa mtazamo mmoja. Anastahili kuwasoma kwa Kiswahili, na wachapishaji wetu wana kila sababu ya kwenda kuitafuta haki hiyo.

2011 na 2012: Vitabu vinavyoruka

William Joyce alikuwa mwandishi na mchoraji wa vitabu kabla ya kuwa mtu wa filamu. Hadithi ya Bw. Morris Lessmore ilimjia kama kitabu, akimkumbuka rafiki yake Bill Morris wa kampuni ya HarperCollins, mtu aliyetumia maisha yake kuwafikishia wasomaji vitabu vya watoto. Kisha mwaka 2005 kimbunga Katrina kikaipiga Louisiana, jimbo la Joyce. Alikwenda kwenye makazi ya waliopoteza nyumba, akawaona watoto wakiwa na vitabu mikononi, na hadithi ikapata upepo wake: mtu anayepeperushwa na dhoruba pamoja na maneno ya kitabu chake, akajikuta mahali ambapo vitabu vinaruka kama ndege na vinahitaji kulishwa kwa kusomwa.

Studio ya Moonbot ya Shreveport, ambayo Joyce aliianzisha na wenzake 2009, iliitoa kwanza kama filamu isiyo na maneno, iliyoongozwa na Joyce na Brandon Oldenburg. Mwaka 2011 ikawa pia programu ya tableti, ambapo mtoto alichezea dhoruba kwa kidole. Februari 2012 filamu ikapata Oscar. Kitabu cha karatasi, michoro ya Joyce na Joe Bluhm, kikaja mwisho, katikati ya 2012. Mwaka ambao magazeti yalijaa maneno kwamba karatasi inakufa, hadithi iliyokwisha kupata pazia na tableti ilienda kujimalizia kwenye kurasa zilizoshonwa, na watu wakakinunua kitabu hicho hadi kikaingia orodha ya vinavyouzwa sana Marekani.

2017 hadi 2020: Kitabu kinatangulia

Mwaka 2017 Matthew A. Cherry, aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani kabla ya kugeukia filamu, aliomba michango ya umma kwa ajili ya katuni fupi. Alikuwa ameona jinsi akina baba weusi walivyo adimu katika katuni, na alitaka kumwonyesha baba mmoja akihangaika kumtengeneza binti yake nywele. Aliomba dola 75,000. Watu walichanga zaidi ya 280,000, na kabla filamu haijakamilika wachapishaji walikwisha kusikia.

Kwa hiyo "Hair Love" ilibadili mpangilio wa miaka tisini. Kitabu kilitoka Mei 2019 kwa chapa ya Kokila ya kampuni ya Penguin, kikiwa kimechorwa na Vashti Harrison, mchoraji wa vitabu. Filamu ya dakika saba ikafika kwenye sinema mwezi Agosti. Msichana Zuri ni yuleyule, na nywele zake zina akili zake zenyewe katika vyote viwili. Katika filamu nywele zinampiga baba mweleka ulingoni. Katika kitabu Harrison ameacha ugomvi na kuchora kila msuko kwa subira, mtindo kwa mtindo, kiasi kwamba msusi angeweza kuufuata. Filamu inafika hospitali, ambako mama ameketi amefunikwa kichwa baada ya matibabu. Kitabu hakiendi huko. Kinabaki nyumbani, na mama ndiye anayerudi.

Oscar ya filamu ilikuja Februari 2020. Kufikia siku hiyo kitabu kilikuwa kimeshasomwa vitandani na madarasani kwa miezi tisa, na wako watoto waliokwenda kuitazama filamu ili waone kama imekifuata kitabu chao.